Propela ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Habari tamu imefika gatini. Shule ya ng'ambo ya ziwa inatafuta boti ya kuvusha walimu kila siku. Mwalimu mkuu, mama mwenye sauti ya kengele, atajaribu boti mbili Ijumaa: yangu na ya shemeji, kaka wa mke wangu. Usingizi hauji kwa furaha. Kasoro moja tu. Boti ya shemeji inakimbia, yangu inajikokota. Na injini zetu ni mapacha, tulizinunua pamoja. Hapa kuna siri.

Jumanne, 4 Machi
Siri nimeipata! Boti ya shemeji ilikuwa imepandishwa mchangani. Nikachutama nyuma yake kama mtu anayefunga kamba za viatu. Nilikuwa na ndala. Propela yake si kama yangu. Mapanga yake yamepinda zaidi, yana uchu wa maji. Nikamuuliza fundi wa injini, kwa kuzungukazunguka. Akasema propela ile ina hatua ndefu, yaani kila mzunguko inairusha boti mbali, inafaa boti nyepesi kama ya shemeji, anayebeba ndoo zake za samaki tu. Akaendelea na habari za uzito wa abiria. Sikumsikiliza. Mwenye hatua ndefu hufika mapema, hilo halihitaji fundi.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji alikula kwetu mchana. Nikamsihi mke wangu ampakulie tena na tena, nikaaga kwamba nafuata chumvi dukani. Spana, koleo, nati, pini. Propela yake kwangu, yangu kwake. Zikaingia kama pete na kidole. Huu si wizi. Mwizi haachi kitu. Nikarudi bila chumvi. Shemeji, bado anatafuna, akanishukuru kwa ukarimu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeijaribu peke yangu. Mshale! Nilicheka hadi mbu wakaniingia mdomoni. Fundi akapaza sauti kutoka ufukweni nivae jaketi la kuokolea, na nijifunge ile kamba inayozima injini dereva akianguka. Nifungwe kamba kama mbuzi? Dereva hodari haanguki.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeanguka.
Walipanda walimu wanane na mwalimu mkuu. Majaketi wakavaa wao. Langu nililikalia, benchi ni gumu. Nikaongeza moto. Boti ikainua pua, ikanguruma, ikatoa moshi, ikagoma kwenda. Mwalimu wa hesabu akasema bata ametupita. Nikakata kona ghafla kuwaonyesha ufundi. Boti ikakata, mimi nikanyoosha hadi majini.
Nikaibuka. Boti inazunguka bila dereva, inanirudia, propela inachapa maji jirani na kichwa changu. Wiki nzima nilikuwa na mipango. Pale sikuwa nao hata mmoja. Nikamwita mama yangu.
Mwalimu mkuu akaichomoa kamba. Injini kimya.
"Uko mzima?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. "Basi kazi hupati."
Shemeji akaja kuniopoa, kisha akawavusha walimu walewale. Boti yake ilivuta kama ng'ombe wa jembe, taratibu, bila kuguna. Kazi kapewa yeye.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi amegundua propela zimebadilishwa, na amemwambia shemeji. Nikamsubiri nyuma ya mlango nikitarajia ngumi. Shemeji akacheka hadi akakaa chini. Mke wangu hakucheka. Shemeji akasema yaishe, sisi ni ndugu. Walimu ni wengi, tutagawana. Propela yangu ya hatua fupi ibaki kwake, fundi atanifungia nyingine kama hiyo. Yeye anaomba tu ile yake ya zamani, ya siku za samaki.
Anaiomba! Mtu haombi kitu kisicho na siri.
Nimekataa katakata. Jioni nimeifungua na kuificha chini ya kitanda. Boti yangu sasa haina propela yoyote, na kazi ya walimu imekwenda yote kwa shemeji. Lakini ile hanayo.