Mzimu Apiga Hodi

Jumatatu, 3 Juni
Sijalala vizuri. Leo nimeanza kuongoza filamu yangu ya kwanza, na si ya vichekesho. Ya kutisha. Miaka yote hii watu wananicheka hata nisipochekesha. Mwezi uliopita nilisimama msibani kumsifu marehemu mjomba. Nikasema tu "Ndugu zangu", wafiwa wakaangua kicheko. Basi, yatosha. Jumamosi mwenye ukumbi wa sinema ataionyesha filamu kwa majaribio. Watu wakiogopa, nitaheshimiwa. Wakicheka, nitazeeka na suruali yangu pana ya mchekeshaji wa jukwaani. Mke wangu kauliza kama ni lazima.

Jumanne, 4 Juni
Tumepiga picha sebuleni kwetu. Shangazi ndiye mjane anayeishi peke yake. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye mzimu: unga usoni, shuka la mke wangu mwilini (mwenyewe hajui). Kimya. Mlango unagongwa. Shemeji, kwa sauti nzito, anapiga hodi. Hapo shangazi anatakiwa agande kwa hofu. Akaitikia, "Karibu, pita ndani." Nikasimamisha kamera, nikamweleza upya. Tukarudia. Safari hii akaongeza kwamba mlango uko wazi. Kaniambia hakulelewa kumwacha mtu nje anapiga hodi, awe hai awe maiti. Mpiga picha alikaa chini, mbavu hana. Mimi presha juu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata dawa! Nimemziba shangazi masikio kwa pamba. Kweli hakuitikia. Alipiga pasi kwa utulivu. Shemeji akapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha kikaja kimya kizuri sana, cha kutisha. Kikazidi kurefuka. Nikatoka nje kutazama: mzimu hayupo. Nikampigia simu. Yuko njiani anarudi kwake, unga bado usoni. Ati hodi tatu zisipoitikiwa, mtu mwenye adabu zake huondoka. Nilijifungia bafuni kidogo.

Ijumaa, 7 Juni
Jana nzima nilikuwa nambembeleza shemeji arudi. Leo nimemwamuru aingie bila hodi. Kaingia. Shangazi akamshukia na pasi mkononi, akamuuliza kama kwao hawakumfunza adabu. Shemeji akaomba radhi. Mzimu anaomba radhi! Muda umekwisha. Nimechukua picha za Jumanne, nikafuta sauti ya shangazi. Imebaki hodi, halafu kimya. Nimeitazama peke yangu jikoni, nywele zikanisimama. Safari hii watazamaji wamekwisha. Mke wangu anauliza shuka lake liko wapi.

Jumamosi, 8 Juni
Ukumbi ulijaa. Taa zikazimwa. Mlango ukagongwa. Mtu aliyekuwa akitafuna karibu yangu akaacha. Nikasema moyoni, ndipo hapa. Mzimu akapiga hodi. Ukumbi mzima ukaitikia, "Karibu!"

Kilichofuata sitaki hata kukiandika. Watu walicheka hadi machozi. Roho iliniuma sana. Nikapanda jukwaani, nikaomba taa ziwashwe, nikawaambia yaliyo moyoni bila chembe ya utani: kwamba mimi ni mtu mzima, nina familia, silali kwa hofu, nami nataka walau mara moja nisikilizwe. Walisimama kunishangilia. Mama mmoja wa mstari wa mbele alianguka kutoka kitini, wakampepea.

Jumapili, 9 Juni
Mwenye ukumbi kaja asubuhi. Anaitaka filamu mwezi mzima, mradi kila baada ya onyesho nitoe hotuba ile ile. Anasema tangu azaliwe hajacheka vile. Mke wangu kanishika mkono, kaniambia watu wananipenda jinsi nilivyo, niache kujitesa. Kasema kwa upole, karibu nimwamini. Lakini mambo ya sanaa hayajui.

Nimekubali. Nimekaa nikafikiri, na kosa la jana nimeshaliona: sikuonyesha uchungu wa kutosha. Kuanzia kesho nitapiga magoti. Nitalia kwa sauti. Tuone nani atacheka.