Mstari Uliopinda na Paa la Soko la Chiayi

Kwa Mkuu wa Chuo cha Jioni cha Michoro,
Chiayi.

Bwana Mkuu,

Natumaini u mzima, na kwamba tetemeko la juzi halikukuangushia makabati. Mimi ni Kang Tse-ming, msanifu majengo mwenye ofisi nyuma ya soko la asubuhi. Majengo yangu unayajua: yamenyooka. Mke wangu, Yu Pei-chun, ni msanifu pia, na tumefanya kazi pamoja tangu ujana wetu. Mimi nachora jengo, yeye anachora ngazi na vyoo. Hatukuwahi kugombana, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza kama anapenda vyoo.

Kimbunga kilipoezua paa la soko, kamati ya wachuuzi ilituomba paa jipya lenye mawimbi. Pei-chun akatuandikisha sote wawili kwenye darasa lako la kompyuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Darasani hakuchorwi. Mtu anapanga vijisanduku kwenye kioo, kimoja cha nukta, kimoja cha mstari, kimoja cha kugawa mstari vipande sawa, anaviunganisha kwa vijiwaya, na umbo linajitokezea lenyewe pembeni. Ukikosea, kijisanduku kinageuka chekundu. Vyangu vyote vilikuwa vyekundu. Jirani yangu aliniuliza kama natundika taa nyekundu za Mwaka Mpya.

2. Mwalimu wako, Binti Lai, alitufundisha kutandaza paa juu ya mistari miwili iliyopinda. La Pei-chun lilitandazika kama shuka. Langu lilijisokota katikati kama nguo inayokamuliwa. Binti Lai akainama kulitazama.

"Mjomba, mistari yako haielekei upande mmoja. Huu unakwenda, huu unarudi."

"Mwache, mwalimu," mke wangu akasema bila kugeuka. "Hata nyumbani ndivyo tunavyoishi."

Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka, kwa adabu, lakini jioni ile wali wangu wa bata mzinga sikuumaliza.

3. Hili ni la hatari kwa fani nzima. Zamani mteja akitaka badiliko, tulichora upya kwa majuma, naye akachoka, akakubali tulichompa. Uchovu wa mteja ndio nguzo ya usanifu. Sasa sikiliza. Kamati ilikuja ofisini, ikiongozwa na Mama Chiu, muuza samaki.

"Dada, hapa kwangu painuke kidogo, harufu ipate pa kutokea."

Pei-chun akaburuta kitufe kwenye kioo. Paa likainuka pale, na nguzo zote zikajipanga upya zenyewe.

"Hivi?"

"Zaidi kidogo."

"Hivi?"

"Hapo hapo, usiguse tena."

Paa langu lilikuwa mezani, limenyooka, limechapwa kwenye karatasi nzuri. Mama Chiu aliweka kikombe cha chai juu yake. Wakachagua la mke wangu.

4. Sasa majengo anachora yeye, nami nimepewa vyoo. Bwana Mkuu, vyoo ni vigumu. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, darasa lifungwe. Binti Lai ahamishiwe somo la kuoka mikate. Mstari uliopinda upigwe marufuku Chiayi nzima, na walio nao majumbani wapewe muda wa kuunyoosha. Mito ya maji tunaweza kuishughulikia baadaye.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa langoni na mama anayewapikia chai. Binti Lai pia msalimie, ila kwa ufupi.

Wako mnyoofu,
Kang Tse-ming

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, paa lilikamilika. Nilikwenda kutafuta kasoro. Nilisimama chini yake, mwanga ukiteleza kutoka kwenye mboga hadi kwenye samaki, mpaka wachuuzi wakaanza kufunga. Nyumbani nikamwambia Pei-chun, "Ni zuri." "Rudia," akasema, "mara ya kwanza sikusikia vizuri." Alisikia. Nikarudia. Tafadhali tuandikishe wote wawili hatua ya pili ya darasa. Mimi nikalishe kando yake, si nyuma yake, maana nikiwa nyuma sioni mkono wake unavyofanya.