Mwavuli Niliojiibia

Jumatatu, 6 Juni 1910
Itangazwe kuanzia Kingolwira hadi Mgeta: mwavuli wa karani wa jumbe umeibiwa. Mwizi ni mimi, karani mwenyewe. Nimeuficha ghalani kwangu, chini ya mahindi. Sababu ni shemeji yangu Kibwana. Beberu wa jumbe alipotea siku ya matanga ya mama yake jumbe, na Stambuli, mpiga ramli, amechora mchanga wake akasema mwizi ni Kibwana. Ijumaa anapelekwa bomani, na bomani ni hamsa ishirini za kiboko. Kibwana hana makalio ya kazi hiyo. Stambuli akinitajia mwizi, nitautoa mwavuli mbele ya watu, jumbe aone ramli ni uongo. Hajui mtu ila mke wangu, Mwaisha. Mke si mtu wa nje.

Jumanne, 7 Juni
Nimelia kwa jumbe. Nimelia vizuri, hadi akanipa kahawa. Stambuli kaitwa, kachora, kaomba siku mbili. Mwongo anatafuta pa kutokea.

Jumatano, 8 Juni
Mwaisha kateka maji mtoni na Pili, mkewe Stambuli. Nikauliza wameongea nini. Mambo ya wanawake, akasema. Salama.
Dadi, mtani wetu Mnyamwezi, karudi kutoka kambi ya reli ya Kilosa, alikokwenda baada ya matanga. Kaja mimi sipo, kala ugali wangu, kasema Waluguru tunapika kama tunaofukia maiti.

Alhamisi, 9 Juni
Balaa. Stambuli katangaza mwavuli uko ghalani kwangu mwenyewe. Kijiji kizima nyuma yangu. Tukafukua mahindi: hamna kitu. Nikapiga kelele kwamba ramli ni uongo, nikacheza na ngoma kidogo.
Hapo akatokea Dadi chini ya mwavuli wangu, jua likiwaka. Akasema aliukuta ghalani, akadhani Waluguru tumeanza kulima miavuli. Mtani hashtakiwi. Watu wakacheka, naye akanogewa: akamshukuru jumbe kwa yule beberu aliyemchukua matangani sisi tukilia. Kumbe hata mafuta yake yalikuwa matamu. Jumbe akatafuta hasira, utani ukamkatalia, akacheka. Kibwana kaachiwa. Stambuli kasema siku ile alipomtaja Kibwana mchanga ulikuwa na unyevu.

Ijumaa, 10 Juni
Nikiri kilichotokea. Mimi nilificha, Mwaisha akamwambia Pili, Pili akamwambia mumewe, Dadi akajichukulia. Ramli haikufanya kitu. Mimi pia. Kibwana kaokolewa na tumbo la mtani. Lakini leo mlango wa Stambuli umejaa watu: eti aliliona ghala.
Sikubali. Nimeshaficha jembe langu, pahali ambapo hata Dadi hafiki. Safari hii hajui mtu kabisa, ila Mwaisha. Nimemwapisha, kaapa vizuri sana. Sasa hivi yuko mtoni.