Mahamri Thelathini ya Kupimwa

Jumatatu, 4 Agosti
Basi nikamjibu Zipporah pale pale kwenye karai lake: hamri langu ni gramu sitini, na aliyekufunza kukanda ni mimi! Andika hilo, Shekha mkaza mwanangu, usiruke. Kampelekea Mwalimu Nyale fitina, ati mahamri yangu yamepungua, nisipewe kupikia harusi ya bintiye. Mimi! Muyeye nzima imeolewa kwa mahamri yangu na mbaazi. Sitini nazijua. Nilipima moja dukani, mwaka ule wa mafuriko, mbuzi wa mama Kombe alipopanda paa... haya, tuendelee.

Jumanne, 5
Mwalimu kaja. Shikamoo mbili, heshima anayo. Kasema moja halitoshi. Kesho atachukua thelathini bila kuchagua, atafute wastani. Ataanza kwa kuniamini: sitini. Wastani ukitoka karibu na hapo, dai langu limesimama, harusi yangu. Ukiwa mbali mno, hata mtu asiweze kusema ni bahati mbaya tu, dai limeanguka. Nikamwambia karibu baba. Moyoni nacheka: makubwa nitayapanga juu ya kapu!

Shekha ananiambia Mwalimu atalipindua kapu. Mtoto wa watu, akili anazo. Basi nitayakata yote makubwa.

Jumatano, 6
Makubwa kama kofia za Ijumaa! Karai lilibeba matatu tu. Mwalimu kapima thelathini, wastani themanini na nane. Nikapiga kigelegele. Kumbe! Kasema dai limeanguka. Nimezidisha, namwambia. Kasema mama, ulisema sitini, hizi si sitini, zimekwenda mbali. Zipporah kacheka hadi kashika ukuta. Akajigamba yake ni sabini, na kesho apimwe yeye. Likisimama dai lake, harusi yake.

Wallahi silali na hasira. Mwalimu alikula manne akipima. Manne! Ulimi wake umeshanipa harusi, bado hesabu zake.

Alhamisi, 7
Asubuhi njema, upepo mzuri, goti limetulia. Jana nilikosea kitu kimoja tu: nilihangaika na mahamri yangu. Ya nini, na ya mwenzangu nayo yatapimwa leo...

Nani huyo? Zipporah. Anaita, mama njoo, unga umeniumukia wote, mikono hainitoshi, na Mwalimu yuaja. Naja, mwanangu, naja! Shekha, funga daftari, nipe kisu. Leo namkatia mimi.