Binti Yangu Ana Filimbi

Jumatatu, 3 Machi

Mungu hajanisahau! Refa wa mechi ya Jumamosi ameteleza kwenye ngazi za nyumba yake, akavunjika mtulinga. Pole yake. Ligi imetafuta mbadala wilaya nzima. Kila refa ana mafua. Aliyebaki mzima ni mmoja tu: Zenia Babiuk. Binti yangu! Mtoto niliyemfundisha kusimama juu ya barafu kabla hajajua kushika kijiko.

Kwa atakayesoma haya nikishakuwa maarufu tena: mimi ni Orest Babiuk, kocha wa timu ya hoki ya barafuni ya Nyati wa Dobrin. Zamani nilikuwa mchezaji wa kulipwa, misimu kumi na mmoja, na jina langu la uwanjani lilikuwa Nyundo. Kazi yangu haikuwa kufunga mabao. Ilikuwa kuwagonga wanaotaka kufunga.

Jumamosi ni nusu fainali, sisi na Mbweha wa Kalder. Mshindi anakwenda fainali. Mwingine anakwenda nyumbani kutazama ng'ombe mpaka theluji ya msimu ujao.

Nimempigia simu Lyle Thorsteinson, kocha wa Kalder. Nilitegemea atalalamika. Amecheka mpaka akakohoa. "Orest, ndugu yangu, huyo ndiye refa pekee jimbo zima la Saskatchewan anayekujua vizuri! Nimeshamkubali tangu asubuhi." Sijui alimaanisha nini.

Kuna vikwazo viwili, vidogo. Cha kwanza, Zenia hasemi nami tangu Novemba. Alikuwa anachezesha mechi ya wasichana, nami nikamshauri, kutoka jukwaani, akapimwe macho. Nilimtajia hata kliniki. Ushauri wa mzazi! Tangu hapo haji kula kwetu Jumapili. Mke wangu Darka huenda kwake peke yake na kurudi amenuna.

Cha pili ni Bi Pauline Fedoruk, mwenyekiti wa klabu. Amenikumbusha kwamba msimu huu nimeshafukuzwa uwanjani mara tatu. Ya nne, kasema, nirudishe funguo na koti la ukocha. Koti lenyewe lina jina langu mgongoni! Atampa nani?

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: upatanisho kwa njia ya tumbo.

Zenia anapenda holubtsi tangu utotoni, ile kabichi iliyokunjwa na wali na nyama ndani. Nimemwomba Darka apike. Kasema aliyeharibu ndiye ajikunjie kabichi. Nimenunua sufuria nzima kwa akina mama wa kanisani, nikamwambia Darka nimepika mwenyewe. Hakuinua hata macho.

Zenia hakuwa nyumbani. Ni daktari wa mifugo, na huu ndio msimu wa ng'ombe kuzaa; anaishi ndani ya buti za mpira. Nimeweka sufuria mlangoni na karatasi: "Kutoka kwa baba anayekupenda. (Jumamosi, saa moja jioni.)"

Jioni simu imelia. Nikairukia. Lyle! Kanishukuru kwa chakula. Kumbe Zenia kaona refa hawezi kupokea zawadi ya timu moja, lakini pia si vizuri kutupa chakula, kwa hiyo kagawa katikati: nusu kairudisha kwa klabu yetu, nusu kapeleka Kalder. Lyle kasema kabichi ilipungua chumvi.

Nimewalisha Mbweha! Kwa mkono wangu!

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili ulikuwa bora zaidi. Kama Zenia hahongeki, basi asiwepo. Mechi iahirishwe, mtulinga wa yule refa upone.

Saa nne asubuhi nimekwenda kwenye gereji, nikaweka kitambaa mdomoni, nikapiga simu kliniki ya mifugo. Nimejiita mkulima kutoka kaskazini, mbali sana. Nikasema nina ng'ombe mwenye shida, atazaa Jumamosi, saa moja jioni, namhitaji daktari Zenia mwenyewe.

Zenia kaniuliza, kwa upole kabisa, ng'ombe amejuaje saa.

Sikujiandaa kwa swali hilo. Nikasema ni ng'ombe mwenye akili.

Kaniuliza anaitwa nani, amwandike. Hapo kichwa kikawa cheupe kama uwanja uliotoka kulainishwa. Majina yote ya ng'ombe duniani yakanitoka. Nikasema: Darka.

Nikasikia kalamu ikiandika. Halafu: "Haya. Mwambie Darka apumzike, anywe maji mengi. Na wewe, kocha, toa kitambaa mdomoni, utakosa hewa." Akakata.

Hakuniita Tato, yaani baba, kama alivyoniita tangu aanze kusema. Kocha!

Kufika saa sita Darka alikuwa na habari yote. Chakula cha mchana nimewekewa bakuli la shayiri kavu, hata maziwa hakuna. Kasema ndicho wanachokula kwenye zizi la huyo mwenye akili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Nashangaa sikufikiria mapema.

Tatizo langu si mdomo. Tatizo ni kwamba marefa wanaelewa ninachosema. Sasa, meno yangu manne ya mbele yalibaki kwenye barafu ya mji wa Saginaw, enzi zangu za kucheza. Haya niliyonayo ni ya kubandika. Nikiyatoa, maneno yangu yanatoka kama supu. Kesho nitayaacha nyumbani, niseme yote yaliyo moyoni, na hakuna refa atakayeandika hata neno moja kwenye ripoti!

Nimejaribu mazoezini. Nimemtukana kipa wetu Dwayne dakika nzima, yeye na fimbo yake na magoti yake. Kainua glavu, kasema, "Asante sana, kocha, najitahidi."

Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumapili, 9 Machi, asubuhi

Niandike taratibu. Nyonga inauma.

Uwanja ulifurika. Kalder walikuja na mabasi mawili. Nje baridi ya kugandisha kope, ndani watu wanakula soseji na kupiga kelele. Meno yangu yalikuwa kwenye glasi, nyumbani. Zenia kaingia na jezi yake ya refa, mistari myeusi na myeupe, akateleza kama hana uzito. Niliona fahari, nakiri. Dakika moja hivi.

Kipindi cha kwanza alituadhibu kwa kumkwaza mtu ambaye alijikwaa mwenyewe. Nikamwachia yote. "Hungua macho, hefa!" na mengine ambayo hata kwenye shajara siandiki. Hakugeuka. Mpango unafanya kazi!

Kipindi cha pili nikaongeza. Nikataja ukoo. (Ukoo ni wangu pia, lakini nilikuwa nimechangamka.) Akaja mpaka kwenye benchi, akasimama mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini: "Kocha Babiuk, mimi nimekula kifungua kinywa na wewe bila meno kwa miaka kumi na minane. Naelewa kila neno." Dakika mbili za adhabu, benchi la Dobrin!

Kwa hiyo katika Saskatchewan nzima, mtu mmoja tu alikuwa anaielewa lugha ile, na ndiye aliyepewa filimbi.

Kipindi cha tatu, tatu kwa tatu, dakika chache zimebaki. Kijana wetu akapiga, kisahani, ndicho mpira wetu, kikaingia wavuni, jukwaa likalipuka. Zenia akapunga mikono. Hakuna bao! Nikapanda juu ya ukuta wa uwanja ili anione vizuri. Mtu wa miaka sitini na mbili, buti za theluji. Nikaanguka upande wa pili, chali, juu ya barafu. Mshindo ule nimeusikia kwenye magego.

Halafu nikasikia vyuma vya viatu vya barafu vinakuja mbio, vumbi la barafu likanijaa usoni. Zenia alikuwa amepiga magoti kando yangu.

"Tato! Tato, usisogee. Umeumia wapi? Nitazame."

Tato! Alikuwa ananipapasa mbavu moja moja, kama ndama. Nilitaka kumwambia jambo zuri. Nilikuwa nalo kabisa.

Nikasema, "Bao lilikuwa halali."

Kanitazama. Akapumua kwa nguvu, mabega yakamshuka, akasimama na kuonyesha mlango. "Nje." Lakini alinishika mkono mpaka mlangoni, na hakuniachia mpaka nilipokanyaga zulia.

Kwa hiyo ya nne. Nilikaa kwenye chumba cha mashine ya kulainisha barafu, nikaanza kuvua koti. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Bila hoki mimi ni nani? Mzee mwenye nyonga moja nzuri. Mlango ukafunguliwa. Bi Fedoruk, kofia imekaa upande. Nikamnyooshea koti.

"Vaa koti lako, Orest," kasema, akakaa juu ya ndoo. "Na mimi nimetolewa."

Kumbe aliteremka mpaka kwenye kioo kinachozunguka uwanja na kumwambia refa akapimwe macho! Nikamuuliza kama alimtajia kliniki. Kasema alitaja mbili.

Tulikaa pale kama watoto waliofukuzwa darasani. Muda wa nyongeza ulianza, hatuoni kitu. Kelele. Yetu au yao? Kimya. Kelele tena. Bi Fedoruk akanishika mkono akanifinya mpaka mifupa ikagusana. Halafu honi! Honi ya uwanja wetu inalia kwa bao letu tu! Tumekumbatiana, mimi na mwenyekiti, kando ya mashine, na yeye analia. Kasema tukio la leo halikutokea, si langu wala lake. Nikasema tukio gani?

Dwayne alikuja kunipongeza. Kasema kocha alipotoka palikuwa na utulivu wa ajabu, mpaka wachezaji wakaweza kusikiana wakiitana. Kaongeza kwamba lile bao letu lililokataliwa lilipitia tundu la pembeni ya wavu, yeye aliliona. Sikuona haja ya kulijadili.

Nje, kwenye magari, Zenia alikuwa anaweka mkoba wake nyuma ya pikapu. Nilisimama mbali kidogo. Nilijiandaa kwa lolote.

"Tato," kasema, bila kugeuka, "kesho mama anapika nini?"

Nikasema varenyky, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani. Sikujua. Nilibahatisha! Akasema atakuja, akitoka kuzalisha ng'ombe wa kweli. Mwili wangu wote ukalegea, kama siku zile ukishavua viatu vya barafu baada ya mechi na damu inarudi vidoleni.

Jumatatu, 10 Machi

Zenia alikuja. Darka alipika varenyky, na jibini, na vitunguu vya kukaanga. Kila Darka alipopitisha sahani, Zenia alilia kama ng'ombe. Mara ya tatu Darka akacheka mpaka akakaa chini. Nimesamehewa, nadhani. Nilipewa krimu.

Sikutaja bao mpaka kwenye keki. Nilitaja kidogo tu. Zenia alinionyesha mlango kwa uma, lakini alikuwa anatabasamu.

Nyumba imejaa tena. Nimelala kama mtoto. Nimejiambia: Orest, imetosha, fainali utakaa kimya na kumwachia refa kazi yake.

Fainali ni Jumamosi. Nilimuuliza Zenia refa ni nani, nijue tu. Kasema ni mgeni kutoka Regina, anaitwa Tobias, mkali, hana rafiki wala ndugu ligi nzima. Nikauliza kama ana mke. Hana. Nikauliza umri. Thelathini na tano.

Zenia ana thelathini na tatu. Hajaolewa.

Nimempigia Tobias asubuhi hii. Nimemwambia binti yangu amemsifu sana, na kwamba Alhamisi kuna chakula cha jioni kwetu. Amekubali! Zenia nitamwambia aje kumpima paka wetu.

Kesho nitanunua paka.