Benzi ya Ng'ombe Ishirini

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Gari limefika! Benzi nyeusi, viti vya ngozi, paa la kioo linalofunguka lenyewe. Nimelizungusha Bariadi yote mara mbili, kisha mara ya tatu kwa ajili ya wale waliokuwa ndani wanakula. Watoto walikimbia nyuma yangu hadi Somanda. Askari wa barabarani akanipigia saluti. Elina, mke wangu, anasema alikuwa anafukuza nzi. Elina hajui saluti.

Siri ya biashara naiandika hapa tu. Wakala rasmi wa kampuni yupo Dar: shorumu ya vioo, kahawa ya bure, bei ya kumuua mtu. Mimi nimepita pembeni. Dalali wangu kalitoa Dubai, kalipitisha bandarini, kodi kalipa, limekuja. Gari lile lile, bei karibu nusu! Simiyu nzima lipo hili moja. Na kitu kikiwa kimoja, bei inapanda. Hilo nalijua tangu darasa la sita. La saba sikulihitaji.

Limenigharimu ng'ombe ishirini. Nahesabu kwa ng'ombe kwa sababu shilingi haina msimamo. Ng'ombe wenyewe ni wa Januarius, mtoto wa marehemu dada yangu. Aliniachia nimchungie hadi siku ya mahari. Siku yenyewe ni Jumamosi hii, wanatakiwa Ipililo kwa Mzee Masunga, baba wa mchumba wake, Milembe. Hakuna shida. Kabla ya Jumamosi gari nimeliuza kwa thelathini. Ishirini wanarudi bomani, kumi ni wangu.

Wangu mwenyewe nane wapo Kiloleli kwa shemeji. Hao sikuwagusa. Mfanyabiashara hachezi na mali yake.

Jumanne, 8 Julai

Nimeanza na Hamimu, yule wa duka la saruji. Mtu mwenye uwezo, ila hana macho ya mbali. Kanikaribisha chai. Nikamsimulia jinsi mwaka ule nilivyoendesha lori kutoka Mwanza hadi Musoma bila breki, nikawa nalisimamisha kwa kuongea nalo. Kisha nikataja ng'ombe thelathini. Chai ikampalia.

Akauliza, Mzee Bujiku, nani kakwambia lipo moja? Jana yeye mwenyewe kapita Nyashimo kaona sita yamepangwa kando ya barabara, kwa mama mmoja anaitwa Asumini. Yote meusi. Yote yamepita njia hiyo hiyo ya Dubai. Bei yake, ukiigeuza kuwa mifugo, ni kumi na nne.

Nikamwambia macho yake yameingia saruji. Akasema inawezekana, lakini hata pochi yake imeona hivyo hivyo.

Jioni Januarius kaja kuulizia ng'ombe. Nimemwambia wapo Meatu, wananenepa kwa ajili ya sherehe. Akanishukuru. Akasema, Mjomba, bila wewe sijui ningekuwa nani. Sikula vizuri. Ugali ulikuwa mgumu.

Jumatano, 9 Julai

Nyashimo. Nikahesabu magari: saba! Nikahesabu tena. La saba lilikuwa langu.

Sikukata tamaa. Mpango ukaja palepale: kuwatisha wateja wa Asumini ili yake yasinunulike, langu lipande. Nikaketi kwenye benchi lake, katikati ya wanunuzi, nikaanza. Nikawaambia gari ambalo halikupitia kwa wakala rasmi ni kama mtoto asiye na wazee. Hana wa kumdhamini, akiugua hana wa kumpeleka hospitali. Ukitaka kuliuza, watu wanalikwepa kama mkutano wa michango. Nilizungumza vizuri mno! Akina mama wa nyanya walisimama kusikiliza. Mzee mmoja akafunga pochi yake kwa zipu.

Kisha huyo huyo mzee akaninyooshea kidole. Na lile lako pale, ngosha, mwanaume wewe, ulilinunua kwa wakala?

Nikasema mimi ni kesi maalumu.

Walicheka hadi bodaboda zikasimama kuuliza kuna nini. Asumini hakukasirika hata kidogo. Kaniletea soda, kashusha bei hadi kumi ili kuwatuliza wateja, kauza mawili nikiwa bado nakunywa.

Simu zilifika Bariadi kabla yangu. Kijana wa kituo cha mafuta kanipa pole ya mtoto asiye na wazee.

Alhamisi, 10 Julai

Hamimu kapiga. Ng'ombe tisa, kwa sababu tu ya ujirani. Nimemkatia simu.

Baada ya muda nikampigia kujua kama alikuwa anatania. Kasema alikuwa anatania, ni nane.

Ikabidi nimweleze Januarius. Nimemwambia ng'ombe wake wamepanda cheo, sasa ni gari. Hakunitukana. Kaenda kwenye boma tupu, kasimama pale kwenye lango, mkono juu ya mti. Kauliza kitu kimoja tu. Mjomba, hata yule mweupe wa mama?

Nikasema ndiyo, yule ndiye magurudumu. Nilidhani atacheka.

Ijumaa, 11 Julai

Wazo! Niuze kwa nini? Nalipeleka lenyewe! Ipililo haijawahi kupokea mahari ya Benzi. Wazee watachanganyikiwa kwa furaha, hawatakumbuka hata kuhesabu. Nimeliosha mara tatu. Elina alikuwa ananitazama, simu sikioni, hasemi neno kwangu. Elina akinyamaza huwa amekubali.

Jumamosi, 12 Julai

Leo naandika yote.

Tumefika Ipililo mapema, honi kuanzia barabara kuu. Wazee walikuwa wamekaa tayari na fimbo zao za kukagulia ng'ombe. Desturi ni desturi, wakalikagua gari. Shangazi yake Milembe kalisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, kalizunguka, kaligonga mbavu, kainama kutazama meno. Kauliza umri. Kauliza kama anazaa. Nikajibu kwamba anazaa heshima. Akauliza heshima inakamuliwa saa ngapi.

Mzee Masunga hakucheka. Katoa simu, kapiga Nyashimo, kaweka sauti ya juu. Sauti ya Asumini ikasikika uwanja mzima: baba yangu, leo ni kumi, ukichukua mawili nakupa kwa tisa tisa. Mzee akazima simu. Akasema basi, hawa ni kumi. Wengine kumi wapo wapi?

Nikaanza kueleza habari za Dubai. Hakuna aliyesikiliza. Januarius alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee akasema kuna familia nyingine ilishaleta maneno, hao wana ng'ombe wanaotembea kwa miguu. Milembe akasimama mbele ya wazee wote. Akasema yeye haolewi na boma, anaolewa na Januarius. Baba yake akamjibu, taratibu, kwamba yeye hana ubaya na kijana, ila anaogopa ukoo unaokula ng'ombe wa yatima.

Hapo nilinyamaza. Naandika kwa kuwa ni mara yangu ya kwanza.

Elina akainuka. Tangu jana hajasema neno kwangu, leo kasema yote. Kwamba kuna nane wanono, wa mume wake, na kwamba jana kampigia kaka yake wa Kiloleli, wamepakiwa kwenye fuso tangu alfajiri. Fuso lenyewe likawa linaingia uwanjani. Nilimtambua ng'ombe wa kwanza kabla hajashuka. Nilimpa jina mwenyewe, Waziri.

Wakakaguliwa. Hakuna aliyekataliwa. Kumi na nane! Mzee Masunga akatazama binti yake muda mrefu, akasema wawili waliobaki anawaacha kwa ajili yake. Vigelegele!

Kisha watu wakaja kunishika mkono mimi. Mjomba aliyetoa ng'ombe wake mwenyewe! Wazee wakanipisha kwenye kiti. Nikatoa hotuba fupi, ya nusu saa, kueleza kwamba huo ndio ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Januarius akanikumbatia katikati ya hotuba, hakuniachia upesi. Alikuwa anacheka. Nilisahau nilipofikia.

Jumanne, 15 Julai

Ndoa ni mwezi ujao. Mzee Masunga kasema boma lake si gereji, gari kawapa watoto, Januarius na Milembe. Milembe kapata wazo la kulikodisha kwa maharusi. Pamba imeuzwa, watu wanaoana kila wikiendi, oda tatu tayari! Dereva ni mimi. Januarius ananilipa na kanishonea na kofia. Mimi naita ukurugenzi wa usafirishaji.

Leo nilikuwa Nyashimo kuchukua mapambo. Nikamsalimia Asumini. Mambo mazito: wengine wawili wamefungua biashara kama yake, magari yamejaa hadi karibu na soko, bei imeshuka hadi ng'ombe saba. Waliowahi kununua wanalia. Hawana elimu ya biashara. Bei iliyolala chini namna hii ina mahali pamoja tu pa kwenda, napo ni juu! Nimemwambia aniwekee mawili.

Kwa malipo ya kwanza Asumini anapokea hata mbuzi.

Elina ana mbuzi kumi na mmoja. Jioni hii nimepita zizini kuwasalimia. Wana afya nzuri sana.