Uso wa Koplo Kwenye Kioo Kikubwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekwisha. Baba mkwe kanunua runinga mpya ya HD, zile za picha ang'avu, inchi hamsini na tano. Inaletwa Alhamisi. Na Jumapili saa kumi alasiri stesheni inarudia ule mchezo wa zamani wa mwizi wa saa. Mzee alinipigia simu mwenyewe kunipasha habari. Alisema, "Koplo, safari hii tutakuona mpaka vinyweleo."

Niandike ukweli hapa, maana kwingine siwezi. Miaka kumi na moja iliyopita, siku ya kwanza kupelekwa kwao nikiwa mchumba, runinga yao ndogo ilikuwa inaonyesha mchezo huo. Hakuna aliyenisemesha. Mara akatokea koplo mwenye masharubu anayemkamata mwizi. Picha ilikuwa ya chengachenga, uso hauonekani sawasawa. Nikasikia mdomo wangu unasema yule ni mimi. Chumba kizima kikageuka. Mzee akasimama, akanipa mkono, akanikalisha kwenye kiti kilicho karibu na chake. Ninakikalia mpaka leo. Masharubu nilisema nimeyanyoa.

Tangu hapo naitwa Koplo. Mama mkwe, Mungu amrehemu, aliniita hivyo mpaka mwisho. Mke wangu huwasimulia wenzake kazini. Mimi nina duka la fotokopi. Bila yule askari mimi ni mtu wa kutoa nakala, basi, na mahali pangu ni kwenye benchi la mlangoni pamoja na mwanyumba wangu, yaani mume wa dada wa mke wangu. Naogopa. Tazama mwandiko ulivyo.

Inchi hamsini na tano! Kichwa cha koplo kitakuwa kikubwa kuliko changu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeamka na mpango. Mzee alikuwa mpima ardhi wa serikali miaka thelathini. Haamini maneno ya mdomoni, anaamini karatasi. Nikatunga waraka: "Madhara ya Picha Ang'avu kwa Macho ya Watu Wazima." Aya sita. Mchoro wa jicho niliutoa kwenye kitabu cha mteja. Nikaupiga laminesheni ili uonekane wa kitaalamu, nikampelekea mchana.

Aliusoma wote kwa lenzi yake ya ramani. Alisahihisha tahajia mahali pawili. Kisha akanishukuru, akasema hana mtu anayemjali namna hii. Nikarudi dukani kichwa kimenivimba.

Jioni mke wangu kaniambia kwamba baba yake, baada ya kuusoma, alikwenda moja kwa moja kwa daktari wa macho. Kaandikiwa miwani mipya, yenye nguvu zaidi. Ataichukua Jumamosi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Asubuhi alikuja mama mmoja na picha ya pasipoti ya marehemu mumewe. Anataka ya kutundika ukutani. Nilimweleza, kama ninavyoeleza kila wiki, kwamba picha ndogo ukiikuza haiongezeki kitu. Kilichomo ni kile kile, kinatandazwa tu. Hakusadiki. Nikamtolea. Macho yakawa madoa, pua ikapotea. Akailaumu mashine. Watu wengine hawaelewi hata jambo linalofanyika mbele ya macho yao.

Mchana nikaenda kwa mwanyumba, maana yeye ni fundi wa runinga. Nilisingizia kutafuta waya. Nilitaka kujua adui yangu ana nguvu kiasi gani. Ukutani kuna HD inayoonyesha nyanya. Juu ya nyanya tone la maji, na ndani ya tone unaona dirisha. Kisha mjusi, magamba yake yanahesabika. Kisha msomaji wa habari: poda kwenye kola, chunusi moja chini ya kidevu, anajaribu kuificha, masikini.  Nikakaa juu ya katoni.

Mwanyumba akauliza kama naumwa. Nilitaka sana kumwuliza michezo ya zamani inaonekanaje kwenye kitu kama hiki. Sikuuliza. Bwana huyu anakimezea mate kiti changu mwaka wa tisa sasa. Ukimpa swali moja, yeye ana ishirini.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Imefika. Wanaume wawili waliibeba kama mlango. Mwanyumba akaifunga ukutani, akaweka mpira. Majani ya uwanja moja moja. Mzee aliisoma saa ya mwamuzi, na miwani mipya bado hajaipata.

Akanigeukia kwa upendo, akasema Jumapili ataalika majirani. Kisha akauliza, kwa kuuliza tu, kama hili pengo langu la meno ya juu lilikuwapo enzi za mchezo.  Sijui kama koplo ana pengo! Miaka yote ana uso wa vumbi, nani aliwahi kumwona meno? Nikajibu kwamba pengo langu huja na kuondoka. Mwanyumba akakohoa.

Chakula hakikupita kooni. Mke wangu aliuliza kulikoni. Nilisema ni uchovu wa mpira.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo nimefanya hujuma. Mzee alipokwenda kunyolewa, nilipanda ngazi nikalegeza waya wa antena. Sikuukata, mimi si mhalifu. Aliporudi picha ilikuwa imeganda vipandevipande kama sakafu ya vigae. Nilitikisa kichwa kwa huzuni, nikasema vitu vya siku hizi havidumu, turudishe tu.

Mzee akampigia mwanyumba. Mwanyumba akaja, akapanda, akautazama waya muda mrefu. Akatangaza kwamba antena imechoka. Akaleta nyingine kutoka dukani kwake, kubwa mara mbili. Na nani alimshikia ngazi? Mimi. Kutoka pale chini niliona alama nyeusi za vidole kwenye bomba la antena. Wino wa mashine yangu ya fotokopi. Niliona na yeye kaziona. Alizifuta kwa kitambaa. Mtu anayejua na hasemi ananitisha kuliko mbwa aliyefunguliwa.

Sasa tunapata stesheni nane zaidi, zote safi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimejaribu homa. Mke wangu aliniwekea kiganja kwenye paji, akasema sina joto lolote. Nikasema ni homa ya ndani. Akasema sawa, kama siwezi kwenda kwa Mzee kesho, atamwambia awalete watu wote hapa kwetu. Nikapona.

Alasiri nikaamua kukiri. Niliamua kweli. Alikuwa anapiga pasi shati langu la kesho, anahangaika na kola kwa sababu watu watanitazama. Nikasimama mlangoni, nikasema kuna jambo nimemficha miaka mingi. Akaiweka pasi pembeni, akanitazama, akangoja. Hofu iliyonishika pale sijawahi kuionja. Niliona kwamba nikimaliza ile sentensi ataendelea kunitazama na hatamwona mtu yeyote.

Nikasema mimi ndiye niliyevunja kikombe cha bluu.

Akasema anajua. Akaendelea kupiga pasi, kwa nguvu zaidi kidogo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Walijaa. Majirani saba, dada wa mke wangu, na mwanyumba kwenye benchi lake. Mzee na miwani mipya, minene kama vitako vya chupa. Mimi kitini pangu, shati limenyooka. Saa kumi juu ya alama muziki ukaanza. Nikafumba macho.

 Jirani mmoja akauliza kama runinga imeharibika. Nikafumbua jicho moja.

Uji. Uji mtupu! Watu wamevutwa kwa upana, wote wafupi, wote wanene, mwizi ana mashavu ya mpiga tarumbeta. Nyuso hazina kingo. Meno ni mstari mmoja mweupe. Gari likipita linaacha vipande vyake nyuma. Mwanyumba akaeleza kutoka kwenye benchi kwamba runinga haina kosa. Mchezo ulirekodiwa zamani, kwa SD, mfumo wa kabla ya HD; picha yenyewe ina vitu vichache ndani yake. Kwenye kioo kidogo vilibanana vikaonekana vizuri. Hapa vimetandazwa, na kila kasoro imekua pamoja navyo. Nikajiuliza maneno haya nimeyasikia wapi. Akasema anaweza kubonyeza rimoti watu warudi wembamba, ila pembeni kutakuwa na weusi. Mzee akakataa, akasema kioo chote ni chake na atakitazama chote.

Koplo akatokea. Upana wa kabati, uso kama unga uliokandwa. Majirani wakapiga makofi, wakasema ni mimi kabisa, hasa shingo. Nilitaka kulia kwa raha. Siku sita za kufa na kufufuka, na kumbe nilikuwa nimekwisha kuokoka! Nikanyanyuka kidogo, nikawapungia mkono.

Mzee hakupiga makofi. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini. Alisema polepole kwamba siku zote alikuwa anautazama uso. Leo uso haupo, kwa hiyo ametazama mengine. Akasema koplo anaandika maelezo ya mwizi kwa mkono wa kushoto.

Wote wakautazama mkono wangu ulioshika kikombe. Wa kulia.

Nikasema zamani nilikuwa natumia yote miwili. Nikasema mwongozaji ndiye aliyetaka. Nikasema HD hugeuza picha kushoto kulia. Mwanyumba akasema kwa upole kwamba ingegeuka, jina la mchezo lingesomeka kinyume. Nikanywa chai iliyokwisha.

Wakati wa kuaga Mzee alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniwekea mkono begani. Akasema, "Nenda salama, mwanangu."

Mwanangu. Si Koplo. Mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Nimevuliwa cheo mbele ya majirani saba.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Asubuhi mke wangu, huku anafunga viatu, kaniambia baba yake anajua. Anajua tangu mwaka wa harusi yetu. Mwigizaji halisi wa koplo alikwenda ofisini kwa Mzee kupimiwa kiwanja, na Mzee alimwona ana kwa ana, mfupi kwangu kwa kichwa kizima. Alirudi nyumbani akamwambia mama mkwe, wakacheka mpaka machozi, wakapatana wasiseme. Mke wangu alijua wiki hiyo hiyo. Kasema kiti nilikipata kwa uongo, ila sikukaa nacho kwa uongo. Nilikaa nacho kwa sababu ya ile miezi mama yake alipokuwa kitandani, nilipofunga duka kila alasiri nikaenda kumsomea magazeti, mpaka matangazo ya kazi. Kasema jana Mzee aliona utani umezidi na ninatetemeka, akataka kunitua mzigo. Na mwanangu ndilo jina alilotaka kuniita siku zote. Hata mwanyumba anajua. Benchi analipenda, kuna upepo.

  Nilikwenda dukani nikafikiri mpaka saa saba mchana.

Nimeelewa sasa. Wananihurumia. Mke wangu ni mwema, kaitunga yote njiani kutoka kwa baba yake. Hakuna mtu anayepewa kiti kwa kusoma magazeti. Na mpima ardhi hawezi kukaa na kosa miaka kumi na moja bila kulisahihisha, nimeona alivyofanya kwenye waraka wangu. Kwa hiyo hajui kitu. Ana shaka ya mkono tu. Shaka ya mkono inatibika.

Tangu pale niliposema nimeelewa, ninaandika kwa mkono wa kushoto. Imenichukua saa mbili, na wateja watatu wamechoka kungoja wakaondoka. Lakini neno Koplo tayari linasomeka.